Maziwa ya kuondoa sumu

Shemeji yangu ni fundi rangi wa magari, na kama mafundi rangi wengi hapa Dar akimaliza kupuliza gari anamtuma kijana akamletee pakiti ya maziwa, anaifungua kwa meno, anakunywa yote kwa mkupuo mmoja. Ukimuuliza anakwambia yanasafisha kifua. Wachomeleaji nao hivyo hivyo, wabeba saruji hivyo hivyo, na kijijini mtu akitoka kupuliza dawa shambani kitu cha kwanza anaulizia maziwa. Mtoto akimeza mafuta ya taa bibi anakimbilia maziwa kabla hajaita bodaboda (madaktari wanapiga kelele miaka yote kwamba usimpe maziwa wala usimtapishe, mpeleke hospitali, lakini nani anasikia). Yani kwetu maziwa sio chakula tu, ni dawa ya sumu, tumekua tukijua hivyo.

Ndo maana zile klipu zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa ameshika pakiti anasema maziwa ya dukani yana madini ya risasi (ile metali ya kwenye betri za magari, inayoumiza ubongo wa watoto), zinawatoa watu jasho kuliko hata stori za mchele wa plastiki. Kwenye grupu letu la familia iliingia usiku, asubuhi tayari mama mdogo ameshatangaza kwamba nyumba yake hainunui tena maziwa ya pakiti, atachukua ya mtaani, "ya ng'ombe mwenyewe". Mimi hapo ndo nikaona kuna kitu hakijakaa sawa, maana maziwa ya pakiti nayo yametoka kwa ng'ombe mwenyewe, na kama kuna risasi ndani ya ng'ombe basi pakiti sio iliyoiweka. Nikaanza kusoma. Nimesoma sana, nimechoka, na sasa naandika ili nisije nikarudia maelezo haya kwa kila mtu wa ukoo.

Nianze na shemeji maana kwa kweli yeye yuko nusu sahihi. Mwili wa binadamu unaichanganya risasi na kalsiamu, yani unashindwa kuzitofautisha, na mtoto ambaye hana kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha tumboni mwili wake unafyonza risasi nyingi zaidi kuliko mwenzake aliyeshiba vizuri, kwahiyo hospitalini mtoto aliyekutwa na risasi kwenye damu anashauriwa apewe chakula chenye kalsiamu, maziwa yakiwemo. Hiyo ni kweli kabisa. Ila maziwa hayapiti mapafuni kuosha kitu, na vumbi alilovuta mchana kutwa bila barakoa haliondoki kwa pakiti ya nusu lita. Nimemwambia. Amecheka.

Sasa huko kushindwa kutofautisha risasi na kalsiamu ndo kunakofanya maziwa yawe na stori ndefu kidogo. Risasi ikiingia kwenye damu, sehemu kubwa inaenda kukaa kwenye mifupa, kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote aliyonayo iko mifupani, imetulia, inaweza kukaa hapo miaka na miaka. Alafu mama anapata mimba, ananyonyesha, mwili unahitaji kalsiamu ya mtoto, unaenda kuchota kwenye mifupa, na risasi inatoka pamoja nayo. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Kuna ng'ombe amelamba sumu akapona, anaonekana mzima, anakula, ananenepa, siku anazaa na kuanza kutoa maziwa, risasi inapanda tena kwenye maziwa wakati hakuna aliyemlisha kitu kibaya mwaka huo. Uingereza wanalijua hili, ndo maana shamba likipata ng'ombe wenye sumu ya risasi huwa wanazuiwa kuuza maziwa na nyama kwa muda mrefu, kawaida wiki 16, na ng'ombe akikaribia kuzaa anaangaliwa tena.

Watu wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu, ingawa sio wa ng'ombe. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kilikuwepo kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kutoa risasi, kilianza 2007. Phyllis Omido aliajiriwa hapo 2009, mtoto wake mchanga akaanza kuumwa, homa haziishi, wakapima malaria na taifodi na kila kitu, mwisho damu ikaonyesha risasi, na maelezo aliyopewa ni kwamba mtoto aliipata kwa kunyonya. Huyo mama hakulamba betri, alikuwa anafanya kazi ofisini. Kiwanda kilifungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, wakazi wakashinda kesi 2020 wakaamuliwa walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikatengua 2023, Mahakama ya Upeo ikairudisha hukumu Desemba 2024. Miaka yote hiyo kwa kitu ambacho kipimo cha damu kilishakisema.

Lakini hapa nataka nimtetee ng'ombe, maana kwenye klipu zile yeye ndo anaonekana mkosaji. Ng'ombe ni kichujio kizuri mno. Metali nyingi anazokula zinatoka na kinyesi bila hata kuingia kwenye damu, na zinazoingia, ni kidogo tu zinazofika kwenye kiwele. Kadmiamu, metali nyingine yenye sumu, ile inayotokana na mbolea za fosfeti na betri ndogo na viwanda, inaenda kwenye figo na maini inakaa huko, kwenye maziwa inapita kwa shida sana. Kwahiyo kama unaogopa kadmiamu ya ng'ombe woga wako uuelekeze kwenye sahani ya figo na maini, samahani kwa wapenzi wa supu. Zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya inawapata watu zaidi kwa moshi wakichoma dhahabu, na kwa samaki. Inayostahili kuogopwa kwenye maziwa ni risasi, na hata hiyo, ng'ombe anayekula majani ya sehemu safi maziwa yake yanakuwa na kiasi kidogo mno, mashine za kawaida zinapata tabu hata kukiona.

Ukisoma visa vyote vikubwa vya maziwa kuingia metali, karibu kila mara unakuta kuna mtu alifungua mlango mahali fulani kati ya majani na kikombe.

Kisa kinachonisumbua kuliko vyote ni cha Japani, 1955. Kampuni ya Morinaga ilikuwa inatengeneza maziwa ya unga ya watoto wachanga, na kwenye kiwanda chao cha Tokushima walikuwa wanaongeza kemikali moja, sodiamu fosfeti, ili maziwa yasigande na yayeyuke vizuri kwenye maji. Kemikali yenyewe haina shida. Shida ni kwamba iliyoletwa ilikuwa ya bei rahisi, ya viwandani, imetokana na mabaki ya kutengeneza alumini, na ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu. Kuanzia miezi ya joto watoto magharibi mwa Japani wakaanza kuharisha, homa, tumbo kuvimba, ngozi kuwa nyeusi, madaktari hawaelewi, mpaka Agosti hospitali ya chuo kikuu cha Okayama ikagundua kwamba wote wanakunywa unga wa aina moja. Waliodhurika ni zaidi ya watoto 12,000 na waliokufa ni zaidi ya 100.

Na hapa ndo pananichoma. Mabaki ya aina hiyo hiyo yalishapelekwa shirika la reli la Japani ili yatumike kusafishia boila za treni. Reli wakapima, wakakuta aseniki, wakarudisha mzigo. Yani boila ya treni ilipimiwa, mtoto hakupimiwa.

Alafu ikaja kamati ya wataalamu ikasema watoto wamepona, hamna madhara ya baadaye, wazazi wakaambiwa nendeni nyumbani. Miaka 14 ikapita. Mwaka 1969 profesa mmoja wa Osaka, Maruyama, pamoja na wauguzi na walimu, wakaamua tu kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale watoto, ambao sasa ni vijana, wakakuta wengi wana matatizo ya akili, ya viungo, ya ngozi. Hukumu ya jinai ikatoka 1973, mkuu mmoja wa uzalishaji akafungwa miaka mitatu, na 1974 ndo ukaundwa mfuko wa kuwahudumia waathirika maisha yao yote. Hebu piga hesabu, mtoto aliyenyonya chupa 1955 alikuwa na miaka 18 au 19 siku serikali na kampuni zinakubali kwamba ndiyo, ulidhurika.

Ukimwambia mtu hii stori anasema aah hiyo zamani. Haya, twende 1989. Pumba za mpunga zilisafirishwa kutoka Burma kwenda Ulaya kwa ajili ya chakula cha mifugo, zikiwa zimechanganyika na risasi, zikaingia kwenye chakula cha ng'ombe Uholanzi na kusini magharibi mwa Uingereza. Ng'ombe wakaanza kufa. Mamia ya mashamba yakapigwa marufuku kuuza maziwa, na wafugaji wale hawakuwa wamefanya kosa lolote, wamenunua mfuko dukani kama sisi tunavyonunua pumba na mashudu, mfuko una jina, una risiti. Unaona ilivyo? Mfugaji wa Uingereza, mwenye daktari wa mifugo na kila cheti, alishindwa kujua kilichomo kwenye mfuko. Huyu mama wa Kimara ninayenunua maziwa kwake atajulia wapi.

Bangladesh nao 2019 walikuwa na ya kwao, na hiyo ndo inafanana na klipu zetu maana iliwagusa wauzaji wa pakiti. Februari mwaka huo maabara yao ya taifa ya usalama wa chakula ilitoa ripoti kwamba maziwa mabichi, maziwa ya pakiti, mtindi na hata chakula cha ng'ombe, vimekutwa na vitu ambavyo havitakiwi, risasi ikiwa mojawapo, pamoja na antibayotiki na mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Mahakama Kuu ikaingilia yenyewe. Julai ikasimamisha makampuni 14 kuzalisha na kuuza maziwa kwa wiki tano. Fikiria nchi nzima, makampuni 14 kwa siku moja. Wafugaji ambao maziwa yao hayakuwa na pa kwenda wakayamwaga barabarani kwa hasira, makampuni yakakimbilia mahakama ya juu yake, na ndani ya siku chache amri ikaanza kusitishwa. Mimi hapo sikujua nimuonee huruma nani. Mnunuzi ana haki, mfugaji naye maziwa hayasubiri wiki tano, ng'ombe anakamuliwa leo jioni na kesho asubuhi.

Kinachochekesha (au hakichekeshi) ni kwamba nchi hiyo hiyo, miaka hiyo hiyo, ililimaliza tatizo lingine la risasi bila kelele nyingi. Manjano. Wafanyabiashara walikuwa wanaichanganya bizari ya manjano na unga wa rangi ya njano wenye risasi na kromiamu ili ing'ae sokoni. Wakapima masoko 2019, karibu nusu ya sampuli, asilimia 47, zina risasi. Wakatoa matangazo, wakaingia masokoni na kimashine cha kushika mkononi cha kupimia risasi, wakatoza faini hadharani, na 2021 walipopima tena wakakuta sifuri. Manjano waliweza kwa sababu mlango ulikuwa mmoja, unaonekana, kuna mtu anamwaga unga kwa mkono wake. Kwenye maziwa milango iko mingi na wengi walioifungua hawajui kama wameifungua.

Turudi Dar sasa maana najua ndo mnachosubiri.

Ng'ombe wa mjini anakula wapi? Hilo ndo swali, na ni swali ambalo katika maisha yangu yote ya kununua maziwa sikuwahi kusikia mteja analiuliza. Tunauliza yameongezwa maji? Tunauliza ya leo au ya jana? Wengine wana laktomita kabisa, wanaichovya, inaelea, wanatikisa kichwa kama madaktari. Laktomita inapima uzito wa maziwa, maji yakiongezwa inashuka, risasi iliyomo haiwezi kuiona hata iwe mara kumi ya kiwango. Kipimo cha spiriti cha wakusanyaji maziwa kinaangalia kama yameanza kuchacha. Kunusa, kuonja, kuangalia rangi, vyote havisaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, na hilo ni muhimu sana, tena chemsheni jamani, kifua kikuu cha ng'ombe na brusela sio utani, lakini metali haifi kwa moto maana haikuwa hai, na ukichemsha mpaka yapungue ndo kwanza umepunguza maji, risasi yote imebaki kwenye maziwa machache. Ukitengeneza jibini inaenda na jibini kwa sababu imejishika kwenye protini. Kuiona kwenyewe kunahitaji mashine ya maabara kubwa, kwa Mkemia Mkuu au TBS (shirika la viwango) au chuo kikuu, sio kitu cha mezani.

Nilimuuliza mama ninayenunua kwake. Ana ng'ombe wa ndani, banda safi, mama mwenye heshima zake.

"Mama shikamoo. Samahani, hivi majani haya mnatoa wapi?"

"Marahaba mwanangu. Wanaleta vijana na guta."

"Wanakata wapi?"

"Ah, mimi nitajuaje? Kiangazi hiki wanakata panapoota. Kule bondeni, pembeni ya barabara. Kwani yana nini?"

Panapoota. Mwezi wa tisa hapa Dar majani mabichi yanaota wapi? Yanaota penye maji, na penye maji kiangazi ni bonde la Msimbazi na vijito vyake, na mitaro ya barabara kubwa. Msimbazi tunaujua wote, unapokea maji ya viwandani, ya gereji, ya vyoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha tangu 1999 matokeo ya mboga zinazolimwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakapima risasi, kadmiamu, shaba na zinki, na baada yao wengine wamepima maji na udongo wa mabonde yale tena na tena. Mchicha tumeshausikia sana. Mabingobingo yanayoota hatua mbili kutoka kwenye huo mchicha hayana mtu wa kuyasemea kwa sababu hatuyali sisi, anayala ng'ombe, alafu tunamnywa.

Na pembeni ya barabara? Petroli yenye risasi nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia Januari 2006 (Algeria ndo ikawa ya mwisho duniani, 2021), kwahiyo moshi wa leo hauna risasi ile. Lakini ya zamani ilianguka kwenye udongo na risasi haiozi, haichachi, haivukizi, iko hapo hapo juu juu mpaka mtu aukwangue udongo. Na kitu ambacho sikukijua kabla ni kwamba metali nyingi hazimfikii ng'ombe kwa kupanda kwenye mzizi wa jani, zinamfikia kama vumbi na tope lililoganda kwenye jani, na udongo anaoumeza akila majani yaliyokatwa chini kabisa. Hii ni habari njema kidogo, maana ina maana kijana wa guta akikata juu kidogo, asing'oe na mizizi, asikate siku maji ya mtaro yametoka kupanda, tayari amepunguza sehemu kubwa bila kumlipa mtaalamu yeyote.

Ila mlango mkubwa kuliko yote ni betri. Ukiwauliza madaktari wa mifugo popote duniani ng'ombe anapata wapi sumu ya risasi, watakwambia betri za magari zilizotupwa malishoni. Ng'ombe ana tabia ya kulamba na kutafuna vitu vya ajabu hasa akikosa madini, betri iliyopasuka inamvutia, na vipande vikishaingia vinakaa chini kwenye tumbo la mbele kwa sababu ni vizito, vinayeyuka taratibu wiki na miezi. Akila nyingi utamuona, anapofuka, anasaga meno, anasukuma kichwa ukutani, anakufa. Akila kidogo hutamuona na chochote. Ataendelea kukamuliwa.

Sasa tembea mtaa wowote wa gereji hapa mjini uone betri zinavyopasuliwa. Maji yake yanamwagwa chini hapo hapo, vibamba vinakusanywa kwa ajili ya mnunuzi wa chuma chakavu, vingine vinaenda kuyeyushwa vikawa vizito vya nyavu za wavuvi, kwenye sufuria, nyuma ya nyumba, watoto wapo. Alafu jioni kundi la ng'ombe linapita pale pale kutafuta maganda ya ndizi. Dampo la Pugu Kinyamwezi kuna mifugo inayochungwa juu ya takataka, mtu yeyote aliyepita huko ameona. Siwalaumu wachungaji, eneo la malisho limejengwa nyumba, lakini tusijifanye hatuoni.

Kuhusu namba nitasema kidogo maana ndo zinazopotosha watu kwenye klipu. Kiwango cha Codex (viwango vya chakula vya kimataifa) cha risasi kwenye maziwa ni miligramu 0.02 kwa kilo, yani mikrogramu 20 kwa lita hivi. Mtoto akinywa kikombe cha robo lita cha maziwa yaliyofika pale pale kwenye kikomo anapata mikrogramu 5. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imejiwekea alama ya mikrogramu 2.2 kwa siku kwa mtoto, kwa vyakula vyote kwa pamoja. Ile alama sio sheria, ni ya kuwaambia wakaguzi fungueni macho, na wameiweka chini kwa makusudi ili pabaki nafasi ya usalama, lakini ukizilinganisha hizo namba mbili unaelewa kwamba neno "yako ndani ya kiwango" halina maana ya "hamna kitu". Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, miili ya watoto wadogo inafyonza risasi mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile walichokula, na ubongo unaoumia hapo hauonyeshi homa wala kikohozi, mtoto anakuwa tu mzito kidogo darasani na mwalimu anasema mvivu. UNICEF walikadiria 2020 kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi ya kiwango cha kutia wasiwasi kwenye damu. Sehemu kubwa ya hiyo haitoki kwenye maziwa, tuwe wakweli. Inatoka kwenye betri, rangi, viungo, na vyombo vya kupikia.

Na vyombo ndo vilinishtua, maana nilikuwa nahangaika na ng'ombe wa jirani wakati sufuria iko jikoni kwangu. Zile sufuria nzito za kusubu, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha alumini ya chuma chakavu, injini, redieta, makopo, chochote kilichopatikana siku hiyo, kila moja ina kilichoingia kwenye tanuru asubuhi yake. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya aina hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, wakavichemshia tindikali dhaifu inayofanana na ya chakula, na baadhi vikatoa risasi na kadmiamu za kutosha kumdhuru mtu anayepikia kila siku. Maziwa mabichi hayana uchachu mkali kwahiyo hayakwangui sana, ila mtindi ukiugandisha humo, au mchuzi wa ukwaju, au nyanya za kuchemka saa nzima, hapo ni kitu kingine. Fundi aliyeisubu hana kosa, hakuna aliyempa alumini safi wala kumpimia. Mimi maziwa nimehamishia kwenye sufuria ya stenlesi, na mtindi kwenye chombo cha kioo, hilo lilikuwa rahisi kuliko yote.

Mama mdogo nimemwambia arudi kununua anakotaka, pakiti au mtaani, ila asidhani amekimbia kitu kwa kuhama. Kiwandani maziwa ya wafugaji mamia yanachanganywa kwenye tangi moja, ng'ombe mmoja mwenye matatizo anapotelea kwenye wingi, hiyo ni faida, lakini kama ukanda mzima umechafuka tangi halisaidii. Mtaani unakunywa ng'ombe yule yule kila siku, kwahiyo akiwa msafi una bahati na akiwa na betri tumboni unayo wewe peke yako. Faida ya mtaani ni moja tu, kwamba mwenye ng'ombe yupo na unaweza kumuuliza.

Ambacho ningependa kuona ni bodi ya maziwa na TBS wachukue pumba, mashudu, mawe ya kulamba na majani ya mjini wayapime, hata mara moja kwa mwaka, wabandike majibu kwa wilaya, bila kutaja jina la mfugaji. Maana kupima pakiti dukani ni kukamata kitu ambacho kimeshapita kila mlango, na tunajua kutoka Bangladesh kinachofuata, makampuni yanaenda mahakamani na mfugaji anamwaga maziwa.

Yule mama nilimuelezea yote haya, nikadhani atakasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama betri ya zamani ya jenereta iliyoko nyuma ya banda nayo inahesabika. Inahesabika, nikamwambia. Kijana wake aliitoa siku ile ile, na wale wa guta ameshawaambia mtaroni hataki, wakate kule juu Mloganzila, wao wamejibu sawa ila mafuta yanaongezeka na mzigo utapanda. Wanabishana bei mpaka naandika hivi.